Meli Iliyogeuzwa Hoteli na Deni la Wanaolala Humo

Meli za abiria za masafa, yaani zile zilizovuka bahari kuu kwa ratiba maalumu kutoka bandari moja hadi nyingine zikibeba watu, mizigo na barua za posta, zilitawala usafiri wa dunia kwa karibu karne nzima, kisha zikatoweka katika muda mfupi mno. Hazipaswi kuchanganywa na meli za utalii za siku hizi, ambazo safari yake ni matembezi ya kuzunguka visiwa na kurejea pale zilipoanzia. Meli ya masafa ilikuwa chombo cha kumfikisha mtu aendako, nayo iliundwa kwa omo iliyochongoka na mwili mnene wa chuma ili ipasue mawimbi ya majira ya baridi bila kuchelewa. Chache mno zimesalia, na kati ya hizo kuna zinazoendelea kuelea kwa sababu watu hulipa ili walale ndani yake: Queen Mary iliyoko Long Beach katika jimbo la California, Marekani, Rotterdam iliyoko katika mji wa Uholanzi wenye jina hilohilo, na Queen Elizabeth 2 iliyoko Dubai. Makala haya yanashikilia kwamba kulala ndani ya meli ya namna hiyo ni njia bora ya kuielewa kuliko kuitazama tu kama kitu cha makumbusho, lakini pia kwamba kodi ya vyumba peke yake haijapata kutosha kuilinda, na kwamba wanaojifanya inatosha ndio wanaoihatarisha.

Queen Mary ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa imekaa gatini kama hoteli kwa muda mrefu kuliko muda iliosafiri. Kazi ya kuiunda ilianza Desemba 1930 katika karakana za John Brown zilizokuwa Clydebank, kando ya mto Clyde nchini Scotland, na wakati huo ilijulikana kwa namba tu, 534, kwa kuwa jina lilisubiri siku ya kushushwa majini. Mwaka mmoja baadaye mdororo mkuu wa uchumi uliikausha hazina ya kampuni ya Cunard, kazi ikasimama, na mifupa ya chuma ya meli ikabaki kwenye mteremko wake ikipata kutu kwa zaidi ya miaka miwili huku maelfu ya mafundi wakikaa bila ajira. Nyundo zilisikika tena Aprili 1934, baada ya serikali ya Uingereza kukubali kutoa mkopo wa pauni milioni 9.5, kwa sharti kwamba Cunard iungane na mshindani wake White Star, kampuni iliyowahi kuwa na Titanic. Habari hii inahusu moja kwa moja mabishano ya leo kuhusu gharama za meli hiyo, maana inaonyesha kwamba Queen Mary haikuwahi kusimama kwa fedha za soko peke yake, hata kabla ya kugusa maji.

Ilishushwa majini tarehe 26 Septemba 1934 na Malkia Mary, mke wa Mfalme George wa Tano, ikaanza safari yake ya kwanza kutoka Southampton kwenda New York tarehe 27 Mei 1936. Ilikuwa na urefu wa mita 311 na ukubwa wa zaidi ya tani 80,000 za ujazo, kipimo ambacho hueleza nafasi iliyomo ndani ya meli wala si uzito wake. Maji yalichemshwa katika boila 24, mvuke wake ukazungusha tabini, yaani magurudumu yenye mapanga mengi yaliyofungwa ndani ya kasha la chuma, na nguvu hiyo ikafika kwenye rafadha nne zilizoko shetrini. Mwaka 1938 meli hii ilivuka Atlantiki kwa muda usiotimia siku 4, ikainyang'anya Normandie ya Ufaransa heshima ya kasi iliyoitwa Utepe wa Buluu, na hakuna aliyeipokonya heshima hiyo hadi mwaka 1952.

Vita Vikuu vya Pili viliibadilisha kabisa. Ilipakwa rangi ya kijivu, samani zake zikaondolewa, vitanda vya ngazi kadhaa vikafungwa kila palipopatikana nafasi, na askari wakalala kwa zamu kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko vitanda. Katika safari moja ya Julai 1943 kutoka New York kwenda Uingereza ilibeba watu 16,683, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na meli nyingine yoyote katika safari moja. Kasi ndiyo iliyokuwa ngao yake, kwani nyambizi za Kijerumani hazikuweza kuifukuza, na kwa sababu hiyohiyo manahodha wake waliamriwa wasisimame njiani kwa jambo lolote lile. Amri hiyo ilionyesha ukatili wake tarehe 2 Oktoba 1942, kaskazini mwa Ireland, pale Queen Mary, ikienda kwa mwendo wa kupindapinda ili kuwakwepa maadui, ilipoikata vipande viwili manowari ya Uingereza iliyokuwa ikiisindikiza, Curacoa. Mabaharia zaidi ya 330 walikufa, na meli iliyowagonga iliendelea na safari huku omo yake ikiwa imevunjika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na maelfu ya askari ambao wangeangamia kama ingesimama na kupatikana na nyambizi.

Amani iliirejesha kwenye njia yake ya zamani, lakini haikumrejesha abiria kwa muda mrefu. Mwaka 1958 ulikuwa wa kwanza ambapo watu waliovuka Atlantiki kwa ndege walikuwa wengi kuliko waliovuka kwa meli, na tangu hapo hesabu za Cunard zilizidi kuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Mwaka 1967 mji wa Long Beach uliinunua Queen Mary kwa dola milioni 3.45, nayo ikaondoka Southampton kwa mara ya mwisho tarehe 31 Oktoba, ikaizunguka Rasi ya Horn kwa kuwa upana wake haukuruhusu kupita katika Mfereji wa Panama, ikatia nanga California tarehe 9 Desemba. Wenzake hawakupata bahati hiyo. Normandie ilikuwa imekwisha kuungua katika bandari ya New York mwaka 1942. Queen Elizabeth ya kwanza, dada yake wa Clydebank, iliteketea Hong Kong Januari 1972 ilipokuwa ikigeuzwa kuwa chuo kikuu kinachoelea. Na United States, meli ya Kimarekani iliyouchukua Utepe wa Buluu mwaka 1952, ilikaa bila kazi tangu 1969 hadi iliponunuliwa na wilaya moja ya Florida mwaka 2024 kwa ajili ya kuzamishwa iwe makazi ya samaki na mahali pa wapiga mbizi.

Hata hivyo, kuokolewa kwa Queen Mary kulikuwa pia kukatwa viungo. Boila zote zilitolewa, pamoja na chumba cha injini cha mbele na mitambo ya kuzalisha umeme, ili kupata ukumbi wa makumbusho ya bahari ambayo hayakudumu. Dohani tatu ziliposhushwa ilionekana kwamba zilikuwa zimeliwa na kutu, basi mahali pake pakawekwa nyingine zilizoigizwa. Meli iliyobaki bila nguvu ya kujisogeza ilihesabiwa kisheria kuwa jengo, jambo lililohitimisha ugomvi wa vyama vya wafanyakazi wa baharini na vya nchi kavu kuhusu nani mwenye haki ya kufanya kazi humo. Milango ilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1971 na kwa wageni wa kulala mwaka 1972. Wapo wahifadhi ambao hadi leo huzungumzia uondoaji wa boila kwa uchungu, na wana haki, kwa kuwa boila ndizo zilizokuwa moyo wa meli ya mvuke, na kilichopotea hapo hakiwezi kurudishwa kwa fedha yoyote.

Pamoja na hasara hiyo, kilichosalia kina thamani ambayo picha na vitabu haviwezi kuibeba. Mgeni anayetembea kwenye ujia mrefu wa vyumba huona sakafu ikishuka kuelekea katikati ya meli na kupanda tena mbele yake, kwa sababu sitaha za zamani zilipindwa kwa makusudi ili omo na shetri viwe juu ya mawimbi. Hakuna hoteli ya nchi kavu yenye sakafu ya namna hiyo, na anayeiona huelewa kwa miguu yake jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa saa nzima. Katika baadhi ya bafu bado kuna bomba nne, mbili za maji baridi na moto ya kawaida na mbili za maji baridi na moto ya bahari, kwa maana maji matamu yalikuwa hazina ya kutunzwa na maji ya chumvi yalikuwa hayana mwisho. Kuta zimepambwa kwa aina 56 za mbao zilizokusanywa kutoka pembe mbalimbali za himaya ya Uingereza, kiasi kwamba meli ilisifiwa kwa mbao zake kama vile nyingine zilivyosifiwa kwa mwendo. Uzuri wa mbao hizo haumwondolei mtazamaji wajibu wa kukumbuka kwamba zilikatwa katika misitu ya watu waliotawaliwa, na maelezo yanayotolewa kwa wageni yangefanya vyema kulitaja jambo hilo waziwazi.

Katika ukumbi mkuu wa chakula upo mchoro mkubwa wa bahari ya Atlantiki, kazi ya msanii MacDonald Gill, ambao juu yake kijimeli cha kioo kilisogezwa ili abiria wajue wamefika wapi kati ya Ulaya na Amerika. Kuliwekwa pia chumba cha sala kwa ajili ya Wayahudi, katika miaka ambayo Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikiwavua haki zao zote, na uamuzi huo wa wenye meli ulikuwa tamko kwa yeyote aliyekuwa na macho. Honi zake za mvuke zilipangiwa sauti nzito sana ili zisikike maili nyingi bila kuyaumiza masikio ya waliomo sitahani, na mojawapo inatumika leo katika Queen Mary 2, meli ya masafa iliyoanza kazi mwaka 2004. Chini kabisa, chumba cha injini cha nyuma kimehifadhiwa, na hapo mtu anaweza kuchungulia rafadha moja iliyobaki ndani ya maji. Mgeni anayefika jioni, akala, akalala na kuondoka asubuhi bila kuteremka huko amelipia kitanda tu. Afadhali atenge usiku mmoja zaidi, aitembee meli mchana akiwa na mwongozaji, kisha arudi peke yake usiku katika sehemu zilezile zilizo wazi kwa wageni, wakati umati umekwisha kuondoka na vipimo vya kitu chenyewe vinaanza kuonekana.

Kuna pengo moja ambalo hoteli za namna hii hulificha bila kukusudia. Vyumba vinavyokodishwa Queen Mary vimetokana kwa sehemu kubwa na vile vya daraja la kwanza, ilhali sehemu nyingi za daraja la pili, la tatu na za mabaharia ziliondolewa au kubadilishwa wakati wa ukarabati. Matokeo yake ni kwamba kila anayelala humo leo hulala katika historia ya matajiri na waigizaji wa sinema, na hukosa kukutana na wahamiaji, watumishi wa ndani, wapishi na watu wa boila, ambao bila wao meli isingesogea hata hatua moja. Rotterdam, iliyoshushwa majini na Malkia Juliana mwaka 1958, imelieleza suala hili vizuri zaidi kwa sababu muundo wake umebaki: ina ngazi mbili zilizosokotana katika shimo moja, na kwa kuziba au kufungua milango na kuta za kusogezwa, abiria wa daraja la kwanza na wale wa daraja la chini waliweza kupanda na kushuka wakipishana bila kuonana. Hakuna maelezo ya maandishi kuhusu matabaka yanayoshinda ngazi zile.

Long Beach, badala ya kuziba pengo hilo kwa elimu, imejaza sehemu ya nafasi hiyo kwa biashara ya mizuka. Ziara za usiku za kutafuta roho hutangazwa, chumba kimoja chenye sifa ya kutembelewa na wafu hukodishwa kwa jina hilo, na mlango wa chuma uliombana na kumuua baharia kijana mwaka 1966 umekuwa kivutio cha kutiana hofu. Wanaotetea biashara hii husema kwamba inaleta fedha na kwamba wageni wanaipenda, na yote mawili huenda ni kweli. Lakini wafu wa Queen Mary walikuwa watu halisi wenye mama na wake waliowasubiri, na zaidi ya 330 kati yao walikufa baharini kwa sababu ya uamuzi wa kivita unaostahili kufikiriwa kwa uzito na kila anayepanda ngazi ya meli hiyo. Mwafrika wa Mashariki, ambaye katika mila zake marehemu hutajwa kwa adabu na hachezewi, ana sababu ya kulikataa jambo hili kwa sauti. Kama hadithi ya Curacoa ingesimuliwa ilivyotokea, kwa majina ya mabaharia na kwa maneno ya walionusurika, ingemshika msikilizaji kuliko mzuka wowote.

Mzizi wa tatizo hilo ni mpango wa fedha uliowekwa tangu mwanzo. Mji wa Long Beach uliinunua na kuikarabati meli kwa mapato ya mafuta yanayochimbwa katika eneo la ufuoni, kwa matumaini kwamba baada ya hapo ingejilipia, nayo ikakabidhiwa kwa wapangaji waliopokezana mmoja baada ya mwingine, wakiwemo Disney walioiendesha kuanzia 1988 hadi 1992. Kila mpangaji aliwekewa wajibu wa matengenezo, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kibiashara ya kuanza na zulia na jiko linaloonekana kabla ya bamba la chuma lililo chini ya maji ambalo mgeni halioni. Chuma kilichomo katika maji ya chumvi hakingoji mkataba uishe. Meli zinazofanya kazi huingizwa mara kwa mara katika gudi, yaani bwawa linalokaushwa maji ili mwili wote wa chombo uonekane, ukwanguliwe na kupakwa rangi. Queen Mary, iliyozingirwa na ukuta wa mawe katika kidimbwi chake, haijapata huduma hiyo tangu ilipogeuzwa hoteli. Ripoti ya wahandisi ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba matengenezo yanayohitajika yangegharimu kati ya dola milioni 235 na 289. Mlango ukafungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, mpangaji wa wakati huo akafilisika, na mwaka 2021 mji ukaichukua tena meli mikononi mwake. Boti nyingi za kuokolea watu zilizokuwa zimening'inia pembeni zikaondolewa, kwa kuwa zilikuwa zimeoza na uzito wake ulikuwa ukiuvuta na kuudhoofisha mwili wa meli. Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 2023.

Asije mtu akadhani kwamba Wamarekani peke yao ndio waliokosea hesabu. Rotterdam ilinunuliwa na shirika la nyumba za kupangisha ambalo kazi yake ilikuwa kuwapatia watu wa kipato cha chini makazi, na gharama za kuiondolea asbesto, ile nyuzi ya madini iliyotumika zamani kuzuia moto na ambayo vumbi lake husababisha saratani, pamoja na ukarabati mwingine, zilipanda kupita makadirio yote hadi zikavuka Euro milioni 200. Meli ilirejea nyumbani mwaka 2008, ikafunguliwa mwaka 2010, na mwaka 2013 ikauzwa kwa kampuni ya hoteli kwa takriban Euro milioni 30, na suala hilo likachunguzwa na Bunge la Uholanzi. Fedha za wapangaji maskini hazikupaswa kwenda huko, hilo halina ubishi. Lakini baada ya hasara hiyo meli ilipata ukarabati kamili uliofanywa kwa mkupuo mmoja, ikabaki na chumba chake cha mitambo, na wapenzi wa meli wanaojitolea huwaeleza wageni namna mvuke ulivyofanya kazi. Dubai nako, jiji ambalo wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hulijua vyema, Queen Elizabeth 2 ilinunuliwa mwaka 2007 kwa takriban dola milioni 100, ikafika Novemba 2008 wakati msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia, na mipango ya kuikatakata iwe hoteli ya kifahari isiyofanana na meli ikakwama. Ilikaa karibu miaka 10 bila matumizi, ikafunguliwa kwa wageni Aprili 2018 katika bandari ya Mina Rashid ikiwa na sura yake ya asili, dohani yake ikiwa mahali pake, kwa sababu fedha za kuibomoa zilikosekana.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na meli zake pia, na hakuna hata moja iliyopata mjadala wa namna hii. Uganda, iliyoundwa Glasgow kando ya mto uleule wa Clyde na kuanza kazi mwaka 1952, ilisafirisha watu kati ya London na bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam; baadaye ikawa meli ya elimu kwa wanafunzi, na mwaka 1982 ikatumika kama hospitali katika vita vya Falkland, vita vilevile vilivyoichukua Queen Elizabeth 2 kubeba askari. Mwaka 1986 ilipelekwa Taiwan kuvunjwavunjwa kuwa chuma chakavu. Wazee waliopanda au kupakia meli zile Kilindini, bandari ya Mombasa, wanazidi kupungua, na vyombo vyenyewe haviwezi tena kuulizwa.

Kwa hiyo kinachodaiwa kwa Queen Mary ni mpango ulio wazi: mapato ya vyumba, chakula na ziara yalipe wafanyakazi na uendeshaji wa kila siku, wakati mwili wa meli, yaani mabamba ya chuma, pampu na nguzo zake, unalindwa kwa mfuko wa umma uliotengwa kisheria usioguswa na mpangaji wala na diwani yeyote, kama zinavyolindwa ngome na makanisa ya kale ambayo hakuna anayeyadai yajilipie kwa kukodisha vitanda. Meli hiyo imo katika orodha ya taifa ya Marekani ya mahali pa kihistoria tangu mwaka 1993, na hadhi hiyo inapaswa kuambatana na bajeti. Sehemu ya mfuko huo ingetumika pia kujenga upya, kwa vipimo vya michoro ya Clydebank, kabini chache za daraja la tatu na za watu wa boila, zikodishwe kwa bei nafuu kwa wanafunzi na familia, ili mtu anayekuja Long Beach kulala katika Queen Mary aweze kuchagua kulala mahali ambapo watu wa hali yake wangelala mwaka 1936.